Kuuza wimbo, kubaki nao au kuuimba mwenyewe: mtunzi achague lipi?

Juma lililopita mpwa wangu wa Morogoro alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, kuna msanii anazitaka nyimbo zangu mbili. Anatoa laki tatu, na hela naipata kesho. Ila anataka nisiseme popote kwamba nimeziandika mimi."

Ana miaka 22. Mchana ni fundi simu sokoni, usiku anaandika, na ameandika hivyo tangu kidato cha pili. Laki tatu kwake ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa, kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa pupa. Nilimwomba siku tatu. Haya ndiyo niliyomweleza, nimeyapanua kidogo kwa sababu najua vijana wengi wamepigiwa simu ya aina hiyo na hawakuwa na wa kumuuliza.

Alikuwa na njia tatu. Angeweza kuuza kwa mkupuo: anapokea fedha, anasaini, wimbo si wake tena. Angeweza kumpa msanii aimbe huku yeye akibaki na haki ya utunzi, ili wimbo ukiingiza kitu naye apate fungu. Au angekataa, aingie studio, aimbe mwenyewe.

Wimbo na rekodi ni mali mbili

Hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila kujua, kwa hiyo nilianzia hapa. Ukitunga mashairi na melodi, umetengeneza mali moja: wimbo. Msanii akiingia studio akauimba, imezaliwa mali ya pili: rekodi, ambayo watu wa studio wanaiita masta. Chukulia ramani ya nyumba. Aliyechora ramani ana haki yake, na mwenye nyumba iliyojengwa kwa ramani hiyo ana yake. Kesho mtu mwingine akitaka kujenga kwa ramani ileile, anarudi kwa mchoraji, harudi kwa mwenye nyumba ya kwanza.

Mfano ninaoupenda ni wa Otis Redding, mwimbaji na mtunzi wa Marekani. Mwaka 1965 aliandika na kurekodi wimbo "Respect". Mwaka 1967 Aretha Franklin akauimba upya, na dunia nzima ikauchukulia kuwa wake. Lakini sheria ya Marekani haizitaki redio za kawaida kumlipa mwimbaji wa rekodi. Zinamlipa mtunzi tu. Kwa hiyo kila redio ya Marekani ilipoupiga wimbo wa Aretha, fedha ya redio ilikwenda upande wa Redding, ambaye alifariki mwaka uleule wa 1967 na kuacha warithi. Nchi nyingine nyingi zinamtambua mwimbaji pia. Sheria ya Tanzania Na. 7 ya 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki kwa sababu hiyohiyo: hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki ni ya mwimbaji, mpigaji ala na mwenye rekodi.

Msanii anaposema "niuzie wimbo," muulize ni mali ipi anayoitaka. Mara nyingi anachohitaji ni ruhusa ya kuuimba, na ruhusa unaweza kumpa bila kuhamisha umiliki.

Shilingi 10 na usiku wa machozi

Kama ningeruhusiwa kulinganisha hadithi mbili tu, ningechukua ya Solomon Linda na ya Dolly Parton.

Linda alikuwa Mzulu kutoka Msinga, akifungasha santuri katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Mwaka 1939 aliingia studio na kundi lake, Evening Birds, wakarekodi "Mbube", yaani simba. Akalipwa shilingi 10. Santuri ile iliuzwa Afrika nakala zipatazo 100,000 katika muongo wa kwanza. Nakala moja ikamfikia mwanamuziki Pete Seeger huko Marekani. Waimbaji walikuwa wakisema "uyimbube", wewe ni simba. Seeger akasikia "wimoweh", na kundi lake la The Weavers likautoa wimbo kwa jina hilo lililosikika vibaya. Mwaka 1961 The Tokens wakauimba kwa maneno ya Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", ukapanda hadi namba moja Marekani. Mwaka 1962 Linda akafariki akiwa maskini, na mjane wake hakuwa na uwezo wa kumwekea jiwe la kaburi.

Wimbo haukufa naye. Ukaingia hata katika filamu ya Disney ya "The Lion King" mwaka 1994. Mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliifuatilia hadithi nzima na kuichapisha mwaka 2000. Alikadiria kwamba familia ilikosa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi wimbo wake unapotumika, ya dola milioni 15. Kilichowafungulia mlango watoto wake ni kifungu cha zamani katika sheria ya Uingereza ya 1911, iliyotumika katika himaya yake yote: haki alizouza mtunzi zilirudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa Linda, hiyo ilikuwa 1987, na hakuna aliyewaambia binti zake. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004. Februari 2006 pande zikaelewana, familia ikalipwa malimbikizo na kutambuliwa katika mapato yaliyofuata.

Sasa njoo kwa Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa Marekani. Mwaka 1974 "I Will Always Love You", wimbo alioutunga kumuaga Porter Wagoner, mwenzake wa jukwaani, ulishika namba moja katika chati za muziki wa kantri. Elvis Presley akautaka. Kwa mtunzi yeyote wa wakati ule hiyo ilikuwa kama kufunguliwa mbingu. Siku ya kurekodi ilipokaribia, meneja wa Elvis, Colonel Tom Parker, akampa sharti: Elvis harekodi mpaka apewe nusu ya haki za uchapishaji wa wimbo, yaani haki za kukusanya mapato ya utunzi. Dolly amesimulia mara nyingi kwamba alilia usiku kucha. Lakini alikataa, na Elvis hakuurekodi. Miaka 18 baadaye, 1992, Whitney Houston akauimba katika filamu ya "The Bodyguard", ukakaa namba moja Marekani kwa wiki 14. Fungu la mtunzi lilikuwa la Dolly peke yake, zima.

Nimekuwa nikisikia watu wakizitumia hadithi hizi mbili kusema kwamba Linda hakuwa mjanja na Dolly alikuwa mjanja. Hilo linaniuma. Linda alikuwa mfanyakazi mweusi katika Johannesburg ya 1939, mbele ya mwajiri wake, bila wakili na bila chombo cha kumtetea. Dolly alikuwa tayari anamiliki haki zake za uchapishaji, alikuwa na wimbo ulioshika namba moja, na alikuwa akila kutokana na jukwaa. Usiku ule alilia, lakini hakulala njaa. Ndiyo maana aliweza kusema hapana.

Kwa hiyo nilimuuliza mpwa wangu: "Ukikataa hizo laki tatu, mwezi ujao utakula?" Akajibu, "Nitakula, Mjomba. Simu hazikosekani." Jibu hilo lilikuwa muhimu kuliko kipaji chake. Fundi simu anaweza kukaa mezani na msanii maarufu na kujadiliana. Mtunzi asiye na chanzo kingine atasaini chochote kinachoandikwa.

Kuna nyimbo za kuuza moja kwa moja

Sitaki kumtisha mtu asiuze kabisa. Wimbo wa kampeni ya uchaguzi wenye jina la mgombea, uuze. Tangazo la sabuni la nusu dakika, uuze, na utoze vizuri. Wimbo wa harusi wenye majina ya bwana na bibi harusi, pokea hela yako na pilau juu. Nyimbo hizi zimeandikwa kwa shughuli moja na mwisho wake unajulikana. Kinachonitia hofu ni kuuza kwa bei hiyohiyo wimbo wa mapenzi, wa mama au wa kumuaga mtu, kwa sababu huo haujui kuzeeka. "Mbube" ulirekodiwa kabla ya Vita Kuu ya Pili kwisha, na leo watoto bado wanauimba.

Fedha inatoka wapi, na lini

Hapa inabidi niwe mkweli kuhusu tofauti ya kwetu na kwao, maana ushauri wa Nashville, mji wa muziki huko Marekani, ukiletwa Morogoro bila kupimwa unaweza kumpoteza mtu.

Huko Marekani mtunzi asiyeimba anaweza kuishi kwa kalamu. Kuna chombo kama ASCAP tangu 1914 na BMI tangu 1939 vinavyokusanya malipo ya redio, televisheni na kumbi. Kila nakala ikiuzwa, mtunzi ana senti zake kisheria. Sheria yao ya 1909 ilipanga senti 2 kwa nakala, na iliandikwa kwa ajili ya karatasi zenye matundu zilizoendesha piano za kujipiga zenyewe. Senti hizo 2 zilikaa bila kuguswa hadi 1978, karibu miaka 70. Kufikia 2023 zilikuwa senti 12. Ufaransa ndiyo ilitangulia wote. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget na wenzake waliketi kwenye mkahawa wa Ambassadeurs mjini Paris, wakasikia nyimbo zao zikipigwa kuwaburudisha wateja, na bili ilipoletwa wakakataa kuilipa mpaka mwenye mkahawa naye awalipe kwa muziki wao. Mahakama ikawapa haki, na mwaka 1851 kikazaliwa SACEM, chama kinachofanya kazi mpaka leo.

Kwetu sheria tunayo, vyombo vya kukusanya tunavyo, lakini msanii wa Afrika Mashariki bado anaishi zaidi kwa shoo na matangazo kuliko kwa mirabaha. Na fedha ya shoo haimfikii mtunzi. Msanii akiimba wimbo wako Mwanza, Mombasa na Muscat, analipwa kwa kupanda jukwaani. Wewe uko nyumbani unaangalia video.

Kwa sababu hiyo, kwa njia ya pili sikumshauri mpwa wangu aseme "sitaki fedha sasa, nitasubiri fungu langu." Huo ni ushauri mzuri kwa mtu wa Nashville. Kwetu mtunzi adai vyote viwili: fedha ya mkononi, kwa sababu jukwaa halitamlipa, na asilimia ya utunzi, kwa ajili ya siku wimbo utakapovuka mpaka, ukawekwa kwenye filamu, ukaimbwa upya na mtu mwingine au ukawa muito wa simu. Fedha ya mkononi inaweza kupungua kidogo ili asilimia ibaki. Ningemkubalia apokee laki mbili na abaki na nusu ya utunzi kuliko laki nne bila kitu. Nusu nasema kwa sababu mara nyingi msanii na prodyuza nao hubadilisha korasi au kuongeza ubeti, na mchango wao wa kweli una haki yake.

Vipi kuhusu kuimba mwenyewe?

Watu wanaifikiria njia hii kuwa ndiyo ya kifalme: fungu la utunzi lako, fungu la uimbaji lako, shoo zako. Ni kweli, ila gharama nazo zako. Studio, video, picha, nguo, nauli, watu wa kukusukuma redioni na mitandaoni. Na kuna jambo ambalo halina bei: je, unataka kusimama mbele ya watu?

Carole King ni mfano mzuri wa aliyevuka taratibu. Mwaka 1960 alikuwa na miaka 18, akifanya kazi na mumewe Gerry Goffin kwa kampuni ya Aldon Music, 1650 Broadway, New York, ambako watunzi walikaa kwenye vijumba vyenye piano na kuandika kama watu wa ofisini. Goffin aliandika maneno, yeye melodi. "Will You Love Me Tomorrow" waliyowapa The Shirelles ilishika namba moja mwanzoni mwa 1961, na Goffin, aliyekuwa mkemia, akaacha maabara. Mwaka uliofuata wakamwimbisha "The Loco-Motion" binti aliyekuwa akiwalelea mtoto, naye akafika namba moja kwa jina la Little Eva. King aliwaandikia wengine kwa karibu miaka 10 kabla ya kutoa "Tapestry" mwaka 1971. Albamu hiyo ilikaa wiki 15 namba moja, na mwaka 1972 ikamletea tuzo nne za Grammy. Miaka ile ya kuwaandikia wengine haikuwa ya kupoteza. Ndiyo iliyomfundisha kazi, na ndiyo iliyomlisha.

Diane Warren, mtunzi mwingine wa Marekani, alikwenda kinyume. Hakuhangaika na jukwaa. Ana kampuni yake ya uchapishaji, Realsongs, na nyimbo kama "Un-Break My Heart" ya Toni Braxton ziliandikwa na yeye peke yake, maneno na melodi, kwa hiyo hakuna wa kugawana naye. Ukimpita barabarani pengine usingemtambua.

Na kwa anayeandika maneno tu, asiyejua hata kupiga kinanda, nimkumbushe Bernie Taupin. Mwaka 1967, akiwa na miaka 17, alijibu tangazo la Liberty Records kwenye gazeti la muziki la Uingereza. Reginald Dwight naye alijibu tangazo hilohilo. Yeye alikuwa na melodi bila maneno. Wakakutanishwa. Reginald akajiita Elton John, na Taupin ameendelea kuandika maneno kwa zaidi ya nusu karne. Kwetu pwani hili si geni hata kidogo. Kwenye taarab mtunzi wa mashairi ana heshima yake hata kama hajawahi kushika kipaza sauti, na mashabiki wa kweli hubishana juu ya nani katunga kama wanavyobishana juu ya nani kaimba.

Mpwa wangu ana sauti ya kawaida. Nilimwambia hivyo, kwa upole, naye alikuwa akilijua. Lakini ana masikio ya kuchagua neno. Njia ya tatu nilimwambia aiweke kiporo, asiifute.

Karatasi moja, kabla ya demo kutoka

Njia yoyote kati ya hizi inasimama kwenye karatasi, na isainiwe kabla hujampa mtu demo, yaani rekodi ya majaribio. Tazama "Malaika", mmoja wa nyimbo za Kiswahili zinazojulikana sana duniani. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka mbali, na mpaka Fadhili anafariki mwaka 2001 ubishi kuhusu aliyeutunga haukuwa umekwisha. Adam Salim wa Tanzania naye alisema ni wake. Wenyewe hawapo tena, na sisi tumebaki tukibishana kwa niaba yao.

Au chukua wimbo ambao kila mtoto ameimbiwa mbele ya keki. Melodi ya "Happy Birthday" ilianzia shule ya chekechea mjini Louisville, Kentucky. Dada wawili, Mildred na Patty Hill, mmoja mwanamuziki na mwingine mwalimu, waliichapisha mwaka 1893 ikiwa na maneno ya kuwasalimia wanafunzi asubuhi. Maneno ya siku ya kuzaliwa yakajishikiza baadaye. Kampuni ya Warner/Chappell ilitoza fedha kwa wimbo huo miaka mingi, hadi mwaka 2015 jaji alipoona kwamba kampuni haikuwa na hati halali ya maneno hayo. Mwaka 2016 ikakubali kulipa dola milioni 14. Kampuni kubwa yenye mawakili iliangushwa na kukosa hati. Sembuse fundi simu wa Morogoro.

Karatasi yenyewe haihitaji Kiingereza cha mahakamani. Jina la wimbo. Tarehe. Nani kaandika mashairi, nani katunga melodi, nani katengeneza biti. Asilimia ya kila mmoja, jumla 100. Kiasi kilicholipwa na kwa ajili gani: ruhusa ya kurekodi, basi. Jina la mtunzi litaandikwa wapi. Sahihi na shahidi. Hakimiliki inazaliwa pale unapouandika wimbo au kuurekodi, hata kabla ya kusajili, lakini usajili unakupa ushahidi, na ujumbe wa simu wenye tarehe ambao umejitumia ukiimba demo nao ni ushahidi. Huko Tanzania na Kenya haki hiyo inadumu uhai wako wote na miaka 50 baada yake. Fikiria wajukuu ambao hujawaona.

Kuhusu sharti la kutotaja jina, sikusita: akatae. Asilimia inaweza kujadiliwa, fedha inaweza kujadiliwa, lakini jina ndilo linaloleta kazi ya pili. Msanii wa pili atampataje mtunzi asiyejulikana? Kama msanii huyu anaona aibu kuandikiwa, basi alipie aibu hiyo mara kadhaa zaidi, na hata hapo ningesita.

Siku ya nne mpwa wangu alinitumia picha. Ukurasa wa daftari la mistari, kalamu ya bluu, mwandiko wake uleule wa shule. Msanii alichukua wimbo mmoja. Ule wa pili, wa mama yake, mpwa wangu aliurudisha mfukoni. Laki moja na nusu mkononi, asilimia 45 ya utunzi, jina lake kwenye maelezo ya video. Shahidi ni muuza chipsi wa jirani, ameweka dole gumba lenye mafuta.